Kujifungua Japani: mwongozo kamili kwa familia ya kigeni, tangu kipimo hadi safari ya kwanza nyumbani

Hospitali za Japani zinajua kazi yake, hilo lisikunyime usingizi. Kinachowatesa wageni ni makaratasi. Hapa hakuna posho itakayokufuata mlangoni, wala ofisi itakayokukumbusha kwamba zimebaki siku mbili. Kila haki ina fomu yake, dirisha lake na tarehe yake ya mwisho, na aliyechelewa huambiwa kwa upole kabisa, huku akiinamishiwa kichwa, kwamba haiwezekani. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kalenda, na kila tarehe iliyomo ichukulie kwa uzito.

Nimewafikiria zaidi wanandoa ambao wote ni wageni: mwanafunzi wa ufadhili na mwenziwe, mhandisi wa kampuni, mfanyabiashara wa magari. Mmoja wenu akiwa Mjapani, sehemu ya uraia inabadilika, nitaitaja mahali pake.

Hatua ya 1: Uliza kwanza kama wanazalisha

Kipimo cha duka la dawa kikionyesha mistari miwili, nenda san-fujinka, kliniki ya wajawazito na magonjwa ya wanawake. Kama huna maumivu wala damu, hakuna haja ya kukimbilia siku hiyohiyo. Mapigo ya moyo wa mtoto huonekana kuanzia wiki ya sita au ya saba, na ukiwahi mno utaambiwa urudi baada ya wiki mbili, umeshalipa. Ukiwa na maumivu makali ya upande mmoja au damu, hayo ni mengine: nenda leo.

Jiandae kwa kiti. Unakaa umevua nguo za chini, kiti kinapanda chenyewe, kinajizungusha na kukutanua miguu, na pazia linashuka kiunoni ili wewe na daktari msionane. Sauti inatokea upande wa pili wa kitambaa ikikueleza kinachofanyika. Wajapani wanaona ni heshima. Dada zetu wengi huona ni kituko. Ukitaka pazia lifunguliwe, sema tu, wanalifungua.

Kliniki nyingi za mitaani hupima wajawazito lakini hazizalishi. Uliza siku ya kwanza: "Bunben wa dekimasu ka?" Pa kuzalia pako pa aina tatu. Hospitali kubwa ina wataalamu wote, na ndiyo ya mwenye shinikizo la damu, kisukari, mapacha au kovu la upasuaji. Kliniki binafsi ina vyumba vizuri na chakula cha kupendeza, lakini mambo yakiharibika utahamishwa kwa gari la wagonjwa. Ya tatu ni josan-in, nyumba ya wakunga, kwa mimba isiyo na tatizo lolote. Ushauri wangu ni kuchagua ukaribu na lugha kabla ya uzuri wa chumba. Daktari anayekuelewa saa nane za usiku anashinda keki ya alasiri.

Kisha weka nafasi. Katika Tokyo na miji mikubwa, hospitali zinazopendwa hujaa mimba ikiwa na wiki kumi hivi, na nyingine hudai malipo ya awali. Kama unataka sindano ya kuondoa uchungu, mutsu bunben, uliza siku hiyohiyo. Japani si jambo la kawaida kama Ulaya, hospitali nyingi huitoa mchana wa siku za kazi tu, na mara nyingi huongeza yen 100,000 hadi 200,000 kwenye bili. Serikali ya jiji la Tokyo ilianza Oktoba 2025 kuchangia hadi yen 100,000 kwa wakazi wake.

Hatua ya 2: Nenda ofisi ya kata ukaandikishe mimba

Daktari akithibitisha mapigo ya moyo atakwambia uandikishe mimba, ninshin todoke, kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya cha mji wako. Usiahirishe, maana mpaka hapo kila kipimo unakilipa mwenyewe. Chukua kadi ya ukaazi na kadi ya My Number, ile ya namba yako ya utambulisho. Utakaa na muuguzi wa jamii akuulize maswali: nani atakusaidia, una kazi, unalala vizuri, unavuta sigara. Si upelelezi. Majibu yako ndiyo yanayoamua huduma watakazokutafutia baadaye, kwa hiyo kama huna ndugu hapa sema wazi kuwa huna.

Utaondoka na vitu kadhaa. Kwanza ni boshi techo, kitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho Japani imekitoa tangu miaka ya 1940. Kenya nayo ina kitabu cha jinsi hiyo. Yapo matoleo yenye lugha mbili, Kijapani na Kiingereza au Kireno au lugha nyingine, basi uliza kabla hujapewa la Kijapani tupu. Kitabu hiki hakitoki mkobani mpaka mtoto aanze shule. Pili ni vocha za kliniki, kwa kawaida 14. Zinapunguza bili lakini si lazima ziimalize, tembea na fedha. Vocha hizo ni za mji uliokupa: ukihama, nenda ofisi mpya ukabadilishe kabla ya kliniki inayofuata. Tatu ni beji ya waridi ya wajawazito, iliyoanza 2006. Ivae kwenye treni hata kama tumbo halijaonekana, hasa miezi ya mwanzo ya kichefuchefu.

Hapohapo jaza fomu ya fedha za mjamzito: yen 50,000 baada ya kuandikisha, na nyingine 50,000 kwa kila mtoto baadaye. Tangu Aprili 2025 ni haki iliyo kwenye sheria, ila ni lazima uombe.

Hatua ya 3: Kliniki, na yale wasiyouliza

Utapimwa kila wiki nne hadi wiki ya 23, kila wiki mbili kuanzia ya 24 hadi ya 35, na kila wiki kuanzia ya 36. Kila ziara ni mkojo, shinikizo, uzito, na karibu kila mara picha ya eko (ultrasound) ya kupeleka nyumbani. Usishangae wakihesabu mimba miezi kumi. Mwezi wao hapa ni wiki nne.

Uzito ni mada kubwa. Mwongozo wa 2021 unasema mwanamke mwenye uzito wa wastani aongeze kilo 10 hadi 13, mwembamba 12 hadi 15, mnene kidogo 7 hadi 10, na aliye mnene sana asizidi 5 hivi, akiangaliwa kipekee. Kwetu mjamzito hulishwa na kusifiwa akinawiri. Hapa mkunga atakuonyesha grafu na kukuuliza jana ulikula nini. Usikasirike, lakini pia usijinyime chakula ili mizani ikupongeze.

Sasa sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Daktari wa Kijapani ana utaratibu wa kuwapima Wajapani. Yapo mambo ya kwetu ambayo hatayauliza, kwa sababu huenda hajawahi kuyaona, hivyo yaseme wewe, ikiwezekana kwa maandishi:

Selimundu. Kama wewe au mwenzio mna vinasaba vyake, au hamjui, omba kipimo. Usitegemee vipimo vya kawaida vya Japani, si vya mjamzito wala vile vya tone la kisigino cha mtoto mchanga.

Kundi la damu. Wenye Rh hasi hapa ni chini ya asilimia moja ya watu, na damu yao ni adimu. Kwetu ni wengi zaidi kidogo. Ukiwa mmojawapo, hospitali ijue mapema, si siku ya kutokwa damu.

Malaria. Kama umerudi kutoka nyumbani karibuni na una homa, taja neno hilo wewe mwenyewe, na taja ulikotoka.

Ukeketaji. Aliyekeketwa amwambie mkunga mapema, faragha, ili wapange namna ya kuzalisha. Kulijua jambo hili chumbani wakati mtoto anakuja si vizuri kwa yeyote.

Hospitali nyingi hutoa fomu ya matakwa yako, baasu puran. Itumie. Mwislamu aandike kwamba hali nguruwe, na ataje pia jelatini na mirin, kiungo chenye pombe, maana jikoni hawatafikiria hivyo. Andika kwamba baba angependa kumwadhinia mtoto sikioni. Ukisema mapema hakuna anayekataa. Ukitaka daktari mwanamke andika pia, ila usiku wa manane atakuzalisha aliye zamu. Tohara ya mtoto mchanga si kawaida ya hospitali za hapa, itafutiwe kliniki nje au isubiri safari ya nyumbani.

Hatua ya 4: Pesa

Bima ya afya ya Japani haihesabu uzazi wa kawaida kuwa ugonjwa, kwa hiyo hailipi asilimia 70 kama kwenye mafua. Badala yake inatoa fungu moja, shussan ikuji ichijikin, ambalo tangu Aprili 2023 ni yen 500,000 kwa kila mtoto. Utasaini fomu hospitali ili walipwe moja kwa moja, nawe ulipe kinachozidi. Wastani wa uzazi wa kawaida nchini umepita yen 500,000, na Tokyo mara nyingi bili huvuka 600,000. Tuseme bili ni 620,000: unatoa 120,000. Kujifungua usiku, sikukuu au kulala chumba cha peke yako huongeza.

Upasuaji ni habari nyingine, huo ni tiba. Bima inalipa asilimia 70 ya upasuaji wenyewe, kuna kikomo cha mwezi kulingana na kipato, na zile 500,000 unazipata vilevile. Ndiyo maana baadhi ya waliopasuliwa hutoka na bili ndogo kuliko waliozaa kawaida.

Fungu hilo hutolewa hata mimba ikiharibika baada ya siku 85. Hutolewa pia kwa aliyekwenda kujifungulia Dar es Salaam au Mombasa, mradi bado ni mwanachama wa bima ya Japani na ana cheti, tafsiri yake na mihuri ya pasipoti. Muda wa kudai ni miaka miwili. Na kama kipato ni kidogo kweli, jambo la kawaida kwa familia za wanafunzi, ulizeni ofisini kuhusu nyuuin josan, mpango wa kuwasaidia wasiomudu gharama za kujifungua. Uombeni kabla ya kujifungua.

Aliyeajiriwa ana likizo ya wiki 6 kabla ya tarehe ya makadirio (14 kwa mapacha) na 8 baada ya kujifungua. Bima ya kampuni humlipa theluthi mbili za mshahara kipindi hicho. Bima ya taifa ya wanafunzi na waliojiajiri haina malipo hayo, ila inasamehe michango ya miezi minne ukiomba. Baadaye inakuja likizo ya kulea, yenye asilimia 67 ya mshahara kwa siku 180 za kwanza kisha 50. Baba naye ana wiki nne zake ndani ya wiki nane za kwanza. Tangu Aprili 2025, mama na baba wote wakichukua angalau siku 14, huongezewa asilimia 13 kwa hadi siku 28, na kwa kuwa makato husamehewa, mkononi inakaribia mshahara mzima. Akina baba, chukueni. Bosi atanuna wiki moja.

Weka kila risiti, ya teksi ya kwenda kujifungua ikiwamo. Matumizi ya matibabu ya familia yakipita yen 100,000 kwa mwaka, baada ya kutoa yaliyofidiwa, mnaweza kudai nafuu ya kodi.

Hatua ya 5: Kumleta bibi

Wajapani wengi hurudi kwa mama zao kujifungua. Sisi tunamleta mama. Viza ya kutembelea ndugu ni ya hadi siku 90, na kuiongeza ni kazi, kwa hiyo zipange: afike wiki mbili kabla ya tarehe, abaki arobaini na ziada. Anzeni maandalizi mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Ninyi mlioko Japani mnaandika barua ya mwaliko, barua ya dhamana na ratiba ya siku zake, mnaongeza juminhyo, cheti cha ukaazi cha kaya nzima, na ushahidi wa kipato au ufadhili. Yeye anapeleka ubalozi wa Japani pasipoti, fomu na ushahidi wa undugu, hasa cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake. Hapo ndipo wengi wanakwama: cheti kinasema Mwanaisha, pasipoti inasema Mwana Isha. Rekebisheni tofauti hizo nyumbani kabla ya kupeleka. Barua ya daktari yenye tarehe ya makadirio husaidia.

Mkatieni bima ya safari, kwa sababu bima ya taifa ya Japani haimgusi mgeni wa siku 90. Unga wa ulezi asibebe. Maduka ya Wahindi huuza kwa jina la ragi, na vichochoro vya maduka ya halali pale Shin-Okubo, Tokyo, vina bamia, maharage na nyama ya mbuzi ya mchuzi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Piga simu hospitali kwanza. Ukitokea tu mlangoni utawashtua. Sentensi mbili zitoshe, zibandikeni kwenye friji: "Jintsuu ga kimashita", uchungu umeanza, na "Hasui shimashita", chupa imepasuka. Watauliza uchungu unapishana dakika ngapi. Namba 119 ni ya dharura, kama damu nyingi au kuzirai. Kwa uchungu wa kawaida tumieni teksi, na kampuni nyingi zina huduma ya wajawazito, jintsuu takushii, ambayo unajiandikisha mapema ukiwapa anwani na hospitali. Teksi hailazimiki kuwa na kiti cha mtoto, gari lenu linalazimika.

Begi liwe na boshi techo, kadi ya hospitali, kadi ya My Number au uthibitisho wa bima, chaja, na kanga mbili tatu. Pedi na chupi maalumu za uzazi, zile zinazofunguka katikati, hospitali nyingi huziweka kwenye furushi lao, ulizeni. Baba anayetaka kuingia chumbani aulize masharti mapema. Baadhi ya hospitali humtaka ahudhurie darasa kwanza.

Utalala siku tano hivi, saba au zaidi kwa upasuaji. Usiombe kutoka kesho yake kama kwetu. Siku hizo ni za kufundishwa kunyonyesha na kuoga mtoto, huku wakimpima manjano kila siku. Alama ya kibuluu makalioni haitamshtua muuguzi yeyote, watoto wa Kijapani wanayo pia. Na kitovu kikidondoka hakitupwi: utakabidhiwa kwenye kisanduku kidogo cha mti laini, kimefungwa vizuri. Bibi atafurahi kuliko wote, na ataanza kukwambia ni mti gani wa kukifukia chini yake.

Hatua ya 7: Siku 14, 30 na 60

Siku 14, siku ya kuzaliwa ikiwemo: andikisha kizazi ofisi ya kata. Karatasi ni moja, daktari anajaza upande mmoja na ninyi mwingine. Jina la mtoto litaandikwa kwa katakana pamoja na herufi za kirumi, na herufi hizo zilingane na pasipoti mtakayoomba. Fomu ina ukoo na jina tu; majina matatu ya kwetu amueni mapema namna ya kuyapanga. Siku hiyohiyo zunguka madirisha yote: bima ya mtoto, kadi ya matibabu ya watoto, na posho ya watoto, jido teate, ambayo tangu Oktoba 2024 ni yen 15,000 kwa mwezi hadi miaka mitatu, kisha 10,000, na 30,000 kuanzia mtoto wa tatu. Posho hii iombwe ndani ya siku 15. Ukichelewa, mwezi uliopita umekwenda. Ombeni pia nakala kadhaa za cheti cha kuandikisha kizazi.

Siku 30: uhamiaji, kumwombea mtoto hadhi ya ukaazi. Kuzaliwa Japani hakumpi uraia kama wazazi wote ni wageni. Ombi halina ada, na msisubiri pasipoti ndipo mwende. Linapokelewa bila pasipoti mkieleza kuwa iko njiani. Mtoto anaruhusiwa kukaa bila hadhi siku 60 tu. Baada ya hapo anahesabika mkaazi haramu, na malaika wa miezi miwili hana wa kumtetea ila ninyi.

Ubalozi unafuata. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zina balozi Tokyo. Ulizeni kabla ya kwenda ni tafsiri ya nani wanaikubali, na kama wanataka muhuri wa wizara ya mambo ya nje ya Japani.

Baba akiwa Mjapani na hamjafunga ndoa, mimba itambuliwe ofisini kabla mtoto hajazaliwa, ili azaliwe Mjapani. Akitambuliwa baadaye njia ipo, lakini ni ndefu zaidi na ina mwisho, kabla ya miaka 18. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima.

Hatua ya 8: Arobaini, chanjo na safari

Kama bibi hakupata viza, ombeni sango kea, huduma ya mama baada ya uzazi, kabla ya kujifungua. Mji hulipia sehemu ya gharama, mama akalale kwenye kituo, ashinde tu, au mkunga aje nyumbani. Muuguzi wa kata atawatembelea ndani ya miezi minne ya kwanza. Mkaribisheni, hakagui usafi wa nyumba. Mama akiwa analia kila siku bila sababu au haoni raha kwa mtoto, ndiye wa kwanza kuambiwa.

Chanjo zinaanza miezi miwili. BCG inayotolewa kwetu siku za mwanzo, hapa kawaida ni kati ya miezi mitano na minane, kwa muhuri wa sindano tisa unaogandamizwa mara mbili. Surua kwetu huanza miezi tisa, hapa mwaka mmoja. Chanjo ya homa ya manjano haitolewi kwa kawaida kabla ya miezi tisa. Mkipanga kumpeleka mtoto nyumbani kabla ya mwaka, mwoneni daktari wa watoto miezi miwili kabla, BCG itangulizwe, na muulize kuhusu surua ya mapema, dawa ya malaria na chandarua.

Uwanja wa ndege, mtoto awe na pasipoti na kadi yake ya ukaazi, na kwenye karatasi ya kutokea nchini jazeni yake pia, mtie alama kwenye kisanduku cha kurudi ndani ya mwaka mmoja. Wazazi hutia za kwao wakaisahau ya mtoto. Asiyetiwa alama huhesabiwa ameondoka moja kwa moja, na kurudi kwake kutahitaji viza mpya.